Vichwa vya Changu

Mwaka ule nilikuwa na siri yenye masikio mawili,
makubwa kuliko uso wake.
Alikuja nyuma ya nyumba yetu, Ras al-Hadd,
Bibi akishazima televisheni,
akasimama penye pipa la maji, mguu mmoja juu,
kama mgeni anayepiga hodi kwa aibu.

Nikampa vichwa vya changu kutoka kwenye friza.
Bibi akivihesabu, akinung'unika kwa Kiswahili
alichokuja nacho kutoka Unguja, yeye na mbuzi yake ya kukunia nazi:
"Paka gani huyu, Rayya, wa vichwa vitano kwa usiku?"
"Paka mkubwa, Bibi."

Muhanna hakuwa na siri. Alikuwa na daftari.
Baba yake hulinda kasa ufukweni,
naye humfuata, tochi kaifunga kitambaa chekundu,
akaandika kwa kalamu ya kijani:
Shimo la tatu. Mayai mia na manne. Siku ya arobaini na tisa.

Siku ya hamsini aliingia darasani macho yamemvimba.
Shimo la tatu limefukuliwa.
Maganda yametapakaa kama karatasi zilizolowa,
na nyayo ndogo zimekwenda, zimerudi, zimekwenda.
"Mbweha," alisema. "Baba hataki, lakini mimi nitamtega."
"Usimtege!"
Nilisema haraka mno.
Akanitazama. Muhanna si mjinga.

"Ana watoto," nikasema.
"Na wa kasa je, si watoto?"
"Kasa anataga mia, anaondoka, hata nyuma hageuki!"
"Kwa hiyo wafe?"

Akachukua chaki, akapiga mstari katikati ya dawati letu.
Raba yangu ikabaki upande wake.
Siku tisa hakuitumia,
siku tisa hakuirudisha.

Alhamisi usiku nilimfuata Masikio.
Alibeba kichwa kimoja mdomoni, akashuka pwani
kwa njia ninayopita mimi, kona kwa kona.
Zamani alikuwa wa vilimani huko,
wa panya na tende zilizoanguka.
Nani aliyemshusha? Kichwa kimoja leo, kingine kesho.

Akaanza kufukua,
taratibu, kama Bibi anavyotafuta funguo mkobani.
Nilitaka kupiga kelele. Sauti ikakwama.

Ndipo nikamwona Muhanna nyuma ya jiwe,
mtego mapajani, haujafunguliwa.
"Nimekaa tangu isha," alinong'ona.
"Walikuja watatu wadogo. Mmoja anachechemea."
Akafuta pua kwa mkono wa kanzu.
Kisha akarusha kokoto, si kwa kupiga,
na masikio yakatoweka gizani.

Kesho yake tulifunika mashimo kwa waya wa kuku,
tukiacha matundu ya kupita vidogo.
Hilo lilikuwa rahisi.
La kwangu lilikuwa gumu:
usiku saba Masikio alisimama penye pipa, mguu juu,
nami nyuma ya pazia nimeuma kidole.
Usiku wa nane hakuja.
Bibi akasema, "Alhamdulillahi, paka kahama,"
akakaanga vichwa vyote.

Shimo la tano lilipasuka alfajiri.
Mchanga ukachemka, wakatoka, wakakimbilia maji,
wepesi, weusi, kama vifungo vilivyokatika uzi.
Wa mwisho alikuwa mzito. Alipinduka, akainuka, akapinduka.
Juu ya mwamba, masikio mawili.

Muhanna alikuwa na kokoto mkononi.
Mimi nilikuwa nimefungua mdomo.
Kokoto haikuruka. Mdomo haukusema.
Ilikuwa upesi.

Aliandika: Waliofika baharini, themanini na mmoja.
Akakaa. Kisha akanipa kalamu ya kijani,
nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya:
Masikio, mmoja.

Alisoma mara mbili.
Raba yangu ilikuwa mfukoni mwake, niliiona imetuna.
Hakuitoa.