Dari la Nguba

Saa tano kasoro robo, mfuko wa arobaini na moja wa sima,
betonieri ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Fundi Namegabe hakupaza sauti.
Alivua kofia, akamtazama Nabintu,
na Nabintu alikuwa ameshamwaga mchanga chini,
mlima wenye shimo katikati,
kama tonge la bugali lililobonyezwa kwa gumba.
Cizungu akaacha nondo zake, akashika koleo.
Mimi niliyekuwa wa tano ngazini nikawa wa tatu,
maana wawili wameshuka,
na pengo lisipozibwa karai huanguka.

Enjinia akauliza, "Nani amewaagiza?"
Tulikosa jina la kumpa.

Kwingine husema zege halilali.
Sisi wa Bukavu tunaongeza:
wala mvua ya saa nane hailali.

Si kwamba tulizaliwa hivi.
Mwaka juzi, kule Panzi, kila mtu alijua kazi yake
na hakuna aliyejua ya jirani.
Wa maji alitia maji, wa kokoto alitia kokoto,
wa nondo alikwenda kunywa chai.
Dari lile lina ufa hadi leo.
Mama mwenye nyumba ameukingia beseni;
nikipita pale kwenda misa, siku ya mvua,
nasikia: to. To.

Tangu hapo Namegabe akatuchanganya kama karata.
Wiki hii mbeba mchanga anakunja nondo,
wiki ijayo mkunja nondo anapima maji,
mpaka kila mmoja akatembea na dari zima kichwani.
Vichwa tisa, dari moja.

Lakini na hili nitalisema, maana nililiona.
Akonkwa, mgeni wa siku tatu,
hakujua bado kwamba kugonga karai mara moja ni "punguza",
mara mbili ni "shika, linateleza".
Kwa kuwa hakujua mahali pa kutazama,
alitazama pale tusipotazama:
mti wa kuegemeza, wa pili kutoka ukutani,
ukizama polepole katika tope la mteremko.
Sisi tulikuwa tumeelewana mno.
Tisa, kwa mwendo mmoja,
tulikuwa tukilipandishia zege anguko letu.

"Mti!"
Neno moja, la mdomo,
lisilo na adabu ya ukimya wetu.

Makarai saba yakasimama hewani.
Hakuna aliyeuliza mti gani.
Nabintu na jiwe, Cizungu na kabari,
mimi na mgongo wangu,
na Namegabe amelala kifudifudi topeni
akipima kwa jicho moja, akisema, "Bado. Bado. Haya."

Mvua ilitukuta tukifunga turubai.

Jioni, baada ya pesa kugawanywa,
Akonkwa aliokota karai tupu,
akaligonga kwa kifundo cha kidole mara tatu,
akatutazama kama anayeomba ruhusa.

Tatu, kwetu, haikuwa na maana.
Sasa inayo.