Somo Yangu

Walimu wa Mikindani waliniita mtukutu
kabla sijaujua mti wenye jina hilo.
Shangazi Umazi alicheka, akafuta mikono kwenye leso,
akanipa kijiti kirefu kama mkono wangu:
"Haya, huyu somo yako. Mtafutie udongo."

Nikachimba kando ya ukuta wa matumbawe,
pale mafundi walipoacha chokaa na vigae,
nikakidunga, nikakimwagilia asubuhi na jioni
maji ya kisima, yale ya chumvi, ya kuoshea vyombo,
maana ya mkokoteni yalikuwa ya kunywa, na yalihesabiwa.
Siku kumi. Siku ishirini.
Kijiti kikawa kuni.

Shangazi alikingʼoa, akakigeuzageuza
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani.
"Umempanda kichwa chini, miguu juu.
Ungekuwa wewe, ungeota?"

Ndipo nilipojua kijiti kina kichwa:
kila kifundo kina jicho, na jicho hutazama juu;
chini hukatwa mshazari, kama kalamu ya mwanzi,
ili hata mwenye haraka ajue upi ni mguu.
Tukadunga kumi na viwili. Vitatu vililala moja kwa moja.
Tisa vikafumbua macho ya kijani
katika juma la kwanza la mvua za mwaka.

Uchungu wake hauna adabu.
Tumbo liliponisokota, Shangazi aliyafikicha majani
ndani ya bakuli mpaka povu likapanda kama la sabuni.
"Bana pua."
Nilibana. Uchungu ukapitia masikioni.

Na kila mwaka alimkata mpaka usawa wa goti.
Hakusema "ule", alisema "yule":
yule kazidi, yule kaota pembe, leteni panga.
Mimi nilisimama mbali, nikishika kichwa changu
kilichonyolewa Jumamosi kwa kosa la mpira
na dirisha la Bwana Mwakio.

Kisha ukaja mwaka Shangazi alipolazwa
na hakuna aliyeshika panga.
Mtukutu akapita ukuta, akapita kamba ya nguo,
akachanua.

Sikujua kwamba ana maua.
Meupe, yenye kivuli cha zambarau kwenye ukingo,
na harufu iliyotoka jua likishapoa,
tamu, tamu kabisa, kutoka kwenye shina lile lile
lililonitoa machozi.
Nyuki walijaa mpaka mama akaogopa kuanua.

Nikavunja tawi, nikalipeleka wodini ndani ya gazeti.
"Nimekuletea ua."
Akaliweka kifuani, akalichambua kwa kucha.
"Si ua moja hili. Hesabu."
Nikahesabu vijiua vidogo, vimesongamana kikombe kimoja:
ishirini na viwili.
"Kama alizeti," akasema, "ni ukoo mmoja.
Ila huyu hana haja ya kutazamwa."
Muuguzi akaja, akafagia manyoya ya mbegu kitandani,
akanuna.

Ukuta ulibomolewa barabara ilipopanuliwa.
Shangazi yuko Mazeras, na mguu wake mbovu.
Akinipigia simu haniulizi hali.
"Umemkata?"
"Nimemkata."
"Mwongo."

Mimi niko Tudor, ghorofa ya nne,
naye yuko kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa kwa msumari wa moto:
mchanga kiasi, samadi ya mbuzi, maji ya bomba yakija.
Sijamkata. Nangoja maua.
Mpangishaji ameshalalamika kuhusu nyuki, mara mbili.

Jana jirani, Mghanga, alisimama mlangoni
akiwa na mtoto anayeshika tumbo,
akaomba majani, na kijiti, kama hakitanisumbua.
Nikakata mshazari.
Nilitaka kumweleza, lakini mtoto alikuwa akilia,
basi nikafunga uzi mwekundu
upande wa kichwa.