Ngumi Tatu

Asubuhi ya Juni, Ilula, pumzi inatoka na moshi wake.
Nafungua chumba alichokiacha Oresta alipoolewa Makambako.
Kitanda kilishatoka. Sasa ni trei za mayai, udongo wa msituni,
taa moja inayoning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo,
na miche ya nyanya mia tatu na ushei
ninayoidanganya kila siku kwamba huu ni Januari.

Leo imekunja majani.
Si yote. Ya dirishani imekunja.
Ya mlangoni imesimama kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi.

"Kamwene!" Mama Vumilia, na kabla sijaitika
ameshaingia, ameshahukumu:
"Rasta huyo. Ng'oa, choma. Mwaka juzi alinimalizia robo tatu ya ekari."
Yordani wa duka la pembejeo hakuja hata kuona.
Alinisikiliza kwenye simu, akauliza nina shilingi ngapi,
akataja dawa yenye bei hiyo hiyo.
Shemeji: kiu. Jirani wa juu: maji yamezidi.
Vumilia mwenyewe, miaka sita, akasema inasikia baridi,
na ni yeye peke yake aliyeigusa.

Nikangoja waondoke.
Nikachukua kioo cha kunyolea cha marehemu,
nikakilaza chini ya jani, nikachungulia
kama mtu anayetafuta ndala uvunguni.
Nzi weupe, hakuna. Nikatikisa mche: hakuna kilichoruka.
Vidukari, hakuna. Utando, hakuna.
Kingo hazina ile njano ninayoijua.
Rasta hukunja jani kwenda juu, mithili ya kijiko,
na huja kwa kuchagua, mmoja huku, mmoja kule.
Hii imechukua safu nzima kwa pamoja.
Jani limekonda, limesokotwa
kama uzi uliolowekwa mate kabla ya tundu la sindano.
Shina limepinda shingo.
Kidole kwenye udongo: unyevu wa haki.
Mkono chini ya taa: unavumilia.

Basi dirishani kuna nini ambacho mlangoni hakuna?

Nikakaa juu ya ndoo, nikahesabu siku kinyumenyume.
Jumanne. Kinyausi kilianza kulaza miche ya dirishani,
nikaipulizia dawa ya ukungu.
Ya mlangoni sikuifikia, dawa iliisha.
Bomba niliazima kwa Kihwele.
Kihwele alikuwa ametoka kuua magugu
kwenye mahindi yake ya kinyungu.

Najua unachotaka kuniuliza.
Niliosha. Mara moja.
Maji ya pipa yalikuwa yanauma mpaka kwenye mfupa,
nikasema inatosha, nikapangusa mikono kwenye khanga.

Sikumwambia mtu. Nikatafuta shahidi asiye na mdomo:
makopo mawili, maharage matatu kila kopo.
La kwanza nikalinywesha maji niliyoyatikisa ndani ya bomba,
la pili maji ya birika.
Kwa baridi hii yalichukua siku kumi na moja.
Ya birika yakafungua majani mapana, ya kijinga, ya furaha.
Ya bomba yakatoka yamejifunga. Ngumi tatu.

Miche mia na sitini nimeitupa shimoni.
Kisimani Mama Vumilia anasema nina rasta ndani ya nyumba,
nami sijamsahihisha, maana ukweli wenyewe
unaanza na "niliosha mara moja".

Lakini bomba siwezi kulirudisha kimya.
Kihwele ana mke, na mke ana mchicha.
Nimelisugua kwa sabuni, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu,
vidole vikafa ganzi, nikaviacha vife.
Kisha, kwa msumari, mgongoni mwake: MAGUGU TU.

Atakuja kuuliza nani amelichora bomba lake.
Kopo nimeliweka kizingitini, lile la ngumi,
limpokee kabla sijatafuta pa kuanzia.