Tumbo la Ndege

Boksi lilitoka Kiboriloni, siku ya soko,
limelaliwa na mabegi ya shule na kiatu kisicho na mwenzake.
Elfu nne. Nikataja tatu.
Tukaishia tatu na nusu, maana kona moja panya alishaionja.

Juu yake ndege ya vita, injini nne, mkia wa masikio mawili.
Jina lake Mwalimu Aikaruwa alinifasiria: Mkombozi.
"Kama ile benki," akasema, akachukua saa yake, akaenda.

Mimi fundi saa, nyuma ya soko la Mbuyuni.
Kibano ninacho. Lenzi ya jicho ninayo.
Kichwa cha rubani ni punje ya mtama;
nilikibandika huku nimezuia pumzi.

Moja kwa sabini na mbili, karatasi inasema.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti:
kwa kipimo hicho Kibo ni mita themanini na kidogo,
watoto wangeipanda na kushuka kabla ya chai,
na baba yangu, Ndekirwa, koplo wa Keya,
angesimama wima juu ya ukucha wa gumba langu.

Baba aliiona vita ya Burma kutoka chini.
"Mgongo wa ndege siujui," alikuwa akisema.
"Mimi niulizeni tumbo. Jeusi. Kama chungu cha mbege."
Karatasi inasema tumbo ni kijivu.
Nimelipaka jeusi, kwa rangi iliyobaki ya geti.

Kipande kimoja hakikuwemo: mlango wa kushushia mabomu.
Nimepekua boksi, nimepekua zulia, nimemshuku mjukuu.
Basi. Libaki wazi.

Kule Mbokomu, ndege ya KIA ikipita juu ya migomba
baba alisimamisha jembe hewani,
akahesabu, midomo tu ikicheza,
moja hadi ishirini,
ndipo jembe likashuka.
Hatukumuuliza. Tulidhani anasali.

Jana nimeitundika darini kwa uzi wa nailoni,
nikarudisha mlango nusu,
nikalala chali sakafuni, kwenye skrubu na betri zilizokufa.
Lile tundu likanitazama.
Nikaanza: moja, mbili…

Nilipofika kumi na tatu mtu akagonga kaunta.
Alitaka mkanda wa saa utobolewe tundu moja zaidi.
Mkono umemkonda, alisema,
tangu Pasaka.