Mtoto wa Jicho

Chupa ilifika Alkhamisi, sandukuni mwa mtu wa Mtemani,
imeviringishwa ndani ya fulana, pamoja na sabuni tatu za Maskati.
Vidonge sitini, rangi ya zambarau iliyolala,
na kwenye karatasi yake picha ya kitunda
ambacho hakijapata kuota Wete, wala Konde,
wala popote linapopiga jua hili.

Nisomee, akasema mama.
Nikasoma: kiini cha matunda ya msituni, nchi za theluji.
Kwa nuru ya macho. Kwa mwendo wa damu.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula.
Chakula gani?
Hawakuandika, mama.
Basi muhogo.

Zuwena binti Hamadi anashona kofia tangu mimi sina meno.
Viua vyake, watu wa Chake walikuwa wakivijua
hata kofia ikiwa kichwani mwa mtu asiyemjua mshonaji.
Sasa uzi anautia kwa ulimi na kwa dua:
anaulowesha, anausokota, anaukosa,
anauliza taa imefifia nini,
saa nne ya mchana, mlango wazi.

Jirani, Bi Mgeni, miguu imemfa ganzi,
akaja na kikombe cha chai kuomba viwili.
Nipe vile vya damu tu, alisema,
vya macho bakini navyo wenyewe.
Tukampa. Kesho yake akapita uani akijikongoja vilevile,
akasema anahisi kitu kama sisimizi,
Alhamdulillahi, sisimizi ni dalili.

Ijumaa simu inalia. Nassor.
Mama, unaonaje?
Naona, baba.
Na vidonge?
Vitamu.
Vidonge havina ladha. Mimi nimevionja.

Kofia ya mwezi ule ninayo.
Mstari wa kwanza umesimama, wa pili umeyumba,
wa tatu umekwenda zake.

Chake, hospitali, daktari kijana
alimsogelea na kurunzi yake kama anayetafuta ufunguo.
Mtoto wa jicho, akasema. Macho yote mawili.
Mama akacheka mpaka mtandio ukamdondoka:
Miaka sitini na tatu, nimezaa mapacha!
Kisha, polepole, akaitoa chupa mkobani.
Na hii haimtoi?
Daktari aliigeuza, akaisoma yote, hakuidharau.
Haina ubaya, bibi, ukipenda kunywa.
Ila huyu hatoki kwa kuombwa. Huyu hutolewa kwa mkono.

Njiani alinishika kiwiko.
Usimwambie kaka yako.
Analinda ghala usiku kucha, mlangoni pa watu,
chupa hii ni usiku wake mingapi, unajua?
Sikujua. Nilihesabu, nikaacha.

Walimtoa mmoja kwanza, wa kulia.
Siku ya pili kitambaa kikafunguliwa,
akakaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta,
ukuta mtupu tu, rangi ya samli,
akautazama kama mgeni aliyekuja na habari.
Akaomba chupa.
Akaisogeza, akaisogeza tena,
akakiona kile kitunda kwa mara ya kwanza.
Kumbe mdogo wake zambarau, akasema.
Na kwa yote hayo kimepanda ndege.

Ijumaa simu ikalia.
Mama, unaonaje?
Naona, akasema,
na safari hii sauti haikupita pembeni.
Nikasikia kule Maskati mtu mzima anavuta pumzi:
Si nilikwambia? Natuma nyingine!

Mama akafunika simu kwa kiganja.
Alinigeukia ili tucheke pamoja,
akasita,
akanyoosha mkono mpaka juu ya sikio langu.

Wee, akasema, una mvi.
Tangu lini?