Ndoo ya Kuopio

Ndoo imevaa elektrodi kumi na sita
kiunoni, kama shanga.
Nyuma ya pazia Ilmo anatumbukiza kitu.
Aulikki haoni. Ana namba tu,
mia mbili na nane, zenye kelele.

Kitendawili. Tega.

Kompyuta inarudi kinyumenyume,
kutoka volti hadi umbo;
vitu elfu vingejibu vivyo hivyo,
naye lazima achague kimoja.
Doa la kwanza: karoti, anaapa.
La pili, pembeni,
linatetemeka, halimo daftarini.

"Nipe mji," Ilmo anasema.
"Chukua Oulu."
"Ni mkono wangu. Maji yana uvuguvugu,
na glavu nimezisahau kwenye basi."

Halifuti.
Chini ya picha anaandika:
karoti moja. Mtu mmoja,
anasikia baridi.