Akiba ya Mshono

Miaka ishirini na sita nimekaa kibarazani,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
futi shingoni kama tai ya bwana harusi,
nikipima mguu mmoja, nikikata miwili.
Ndivyo nilivyofundishwa: Mola hakosei jozi.

Hadi Jumanne ile, Shekue aliponijia
na suruali ya shule, paja la kulia limefumuka.
"Baba, uzi wako mbovu."
Uzi wangu mimi! Nikamwambia simama hapo,
na kwa hasira tu, si kwa hekima,
nikapima na wa kushoto.

Hamsini na mbili.
Arobaini na nane na nusu.

Nikafuta miwani kwa kitambaa cha mteja.
Nikapima tena.

Ana miaka kumi na minne. Kiwanjani Makorora
wanamwita Kombora.
Kona zake, penalti zake, zote za kulia.
Ule wa kushoto nani alishauona?
Ni wa kusimamia. Unajichimbia mchangani,
unabeba mwili mzima mwenzake akipigiwa makofi,
kama mpishi wa shughuli
asiyeitwa kwenye picha.

Kocha Mhando akatupeleka Bombo, kwa dada wa viungo.
Mwantumu akamlaza chali,
akanyanyua mguu, goti limenyooka.
Wa kushoto ukapanda hadi juu, haukunung'unika.
Wa kulia, shujaa wetu,
ukagoma nusu ya safari, unatetemeka.
"Mbele una nguvu," akasema,
"nyuma ni kamba ya katani iliyokaukia juani.
Huu hauna mnyumbuko, ule hauna nguvu.
Kila mmoja amekula fungu la mwenzake.
Siku atakayokimbia kweli, ndipo utakapokatika."

Usiku sikupata usingizi.
Nikawasha taa nikaitazama miguu yangu:
wa kukanyagia cherehani shavu limejaa,
wa pili umenyauka kama wa mtu mwingine.
Nikakumbuka mpira wake wa kwanza.
Niliushona mwenyewe, kwa vipande vya khaki,
nikauweka chini, mbele ya mguu wake wa kulia,
nikasema, haya, piga.

Sasa kila baada ya isha
anasimama kwa kushoto, bega ukutani,
anapiga mswaki hivyo hivyo, anayumba, anatukana kimoyomoyo.
Kisha kisigino cha kulia juu ya benchi la wateja,
anainama polepole, pumzi inatoka kwa sauti.
Mimi nahesabu. Nikipitiwa na usingizi, ananiibia kumi.

Juzi alipiga kwa kushoto mbele ya watu.
Mpira ukapita nje ya goli hatua sita,
ukatua kwenye beseni la mama wa mihogo.
Uwanja mzima ukacheka.
Alirudi amenuna, hakula,
lakini ukutani alisimama.

Leo nimepima. Wiki ya saba.
Hamsini na mbili.
Arobaini na tisa.

Nusu sentimita. Mtu mwingine angesema futi imelegea.

Nimetandika khaki mpya mezani
na kwa mara ya kwanza sikuikunja.
Nimekata kila mguu peke yake,
na ule wa kushoto, kwa ndani, pasipoonekana,
nimeuachia akiba ya vidole viwili.